Makala ya Bure na Uhakiki wa Wazi: Mambo Mawili Yanayochanganywa

Kila utafiti wa kisayansi unapogeuka gumzo la mjini, uwe unahusu chanjo, mitishamba au mafuta ya kupikia, maswali mawili huibuka kwenye makundi ya WhatsApp na vijiwe vya kahawa: umechapishwa wapi, na nani ameuhakiki? Majibu huja yamechanganyika. Mmoja husema kwamba makala inayosomwa bure mtandaoni haiwezi kuwa na uzito, kwani kizuri hakigawiwi ovyo. Mwingine husema kwamba mwandishi alilipa dola elfu mbili ili itoke, kwa hiyo amenunua nafasi. Wa tatu hudai kwamba siku hizi makala huhakikiwa hadharani na yeyote mwenye simu, hivyo sayansi imegeuka kura ya maoni. Vyuoni mkanganyiko ni uleule, ila umevaa joho: mhadhiri kijana huonywa asipeleke kazi yake kwenye majarida ya mtandaoni yanayotoza ada, na wakati huohuo mfadhili wa mradi wake humtaka achapishe humohumo.

Kiini cha mkanganyiko ni kwamba tunajibu maswali mawili kwa jibu moja. Nani anaweza kuisoma makala ni swali moja. Nani anaweza kuona jinsi makala ilivyopimwa ni swali jingine kabisa, na kwa maoni yangu hili la pili ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa msomaji anayetaka kujua kama aamini au asiamini, ingawa ndilo linalozungumzwa kidogo.

Maana kwanza

Jarida la kisayansi ni chapisho ambamo watafiti huwaeleza wenzao walichouliza, walivyokichunguza na walichokipata. Linatofautiana na gazeti kwa kuwa, katika hali ya kawaida, mhariri haamui peke yake. Huituma makala kwa watu wawili au watatu wanaoifahamu fani hiyo, nao huisoma, huandika ripoti ya kasoro na mapendekezo, kisha hushauri ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe. Hao ndio wahakiki, na kazi yao ndiyo uhakiki wa wataalamu wenza. Kwa kawaida hawalipwi hata senti moja, na mwandishi naye halipwi.

Uchapishaji huria ni kuiweka makala mtandaoni kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuipakua na kuitumia bila kulipa. Tamko la Budapest la Februari 2002, ambalo wengi hulichukua kuwa msingi wa harakati hizi, halikuishia kwenye kusoma bure. Lilitaka pia msomaji aruhusiwe kunakili, kusambaza na kuitumia makala kwa kazi nyingine halali, mradi tu mwandishi atambuliwe. Ndiyo maana makala nyingi za namna hii hubeba leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya matumizi iliyotolewa mapema, na inayotumika sana ni ile iitwayo CC BY. Kwa msomaji wa Kiswahili leseni hiyo ina faida ya moja kwa moja: makala ya malaria yenye leseni hiyo inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa kesho asubuhi, bila barua ya kuomba ruhusa, ilimradi mtafsiri amtaje mwandishi, aonyeshe ilikotoka na aseme kwamba ameibadilisha. Faili la PDF ambalo rafiki amekutumia, au lililopakuliwa kwenye tovuti ya maharamia, linasomeka bure lakini halikupi haki hiyo, kwa hiyo si uchapishaji huria hata kidogo.

Uhakiki wa wazi ni kuifanya kazi ya wahakiki ionekane, iwe ni kwa kuzichapisha ripoti zao pamoja na makala, kwa kuwataja majina, au kwa kuwaruhusu watu wengine kuchangia.

Mambo haya mawili hayategemeani. Jarida linaweza kusomwa bure na uhakiki wake ukabaki siri ya mhariri. Hivyo ndivyo yalivyo majarida mengi huria. Linaweza pia kuwa la kulipia na bado likazitoa ripoti za wahakiki: The EMBO Journal ilianza kufanya hivyo mwaka 2009, miaka mingi kabla haijawa huria yote, na Nature, ambayo makala zake nyingi bado husomwa na waliolipia, ilitangaza Juni 2025 kwamba kila makala mpya ya utafiti itakayochapisha itaambatana na ripoti za wahakiki na majibu ya waandishi.

Nani hulipa

Kuchapisha kuna gharama hata pale ambapo karatasi haipo. Kuna mishahara ya wahariri, upangaji wa kurasa, mitambo ya kuhifadhi na kazi ya kuhakikisha kwamba makala bado itapatikana miaka hamsini ijayo. Mtu anaweza kuifikiria hesabu hii kwa mfano wa chakula. Mkahawani, anayekula ndiye anayelipa. Kwenye karamu, mwenyeji hugharamia na mgeni hula bure. Kwenye harusi zetu, kamati hukusanya michango mapema, hivyo mwenyeji hafilisiki na mgeni hadaiwi mlangoni. Majarida nayo yamegawanyika hivyo: yapo yanayomtoza msomaji au maktaba yake, yapo yanayomtoza mwandishi ada ya uchapishaji, na yapo yanayoendeshwa kwa fedha za vyuo, vyama vya kitaaluma na serikali, yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Katika aina zote tatu wapishi wakuu, yaani waandishi na wahakiki, hawapati ujira, na hapo ndipo malalamiko dhidi ya mfumo wa mkahawa yalipoanzia. Kampuni ya RELX, inayomiliki mchapishaji mkubwa wa majarida Elsevier, hupata katika kitengo chake cha sayansi faida inayozidi theluthi moja ya mapato, kiwango ambacho biashara nyingi hazikioni hata ndotoni.

Madhara ya mfumo huo yalionekana vizuri Liberia. Mwaka 2015, baada ya Ebola kuua maelfu ya watu Liberia, Guinea na Sierra Leone, Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa Wizara ya Afya ya Liberia, na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba walikuwa wamekuta maandiko ya zamani yaliyotoa onyo. Mojawapo, la mwaka 1982 katika jarida la Annals of Virology, lilisema waziwazi kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa maeneo yenye virusi vya Ebola. Damu iliyopimwa ilikuwa ya Waliberia, lakini hakuna Mliberia aliyeshiriki kuandika. Kupakua moja ya makala hizo, hata mwaka huo wa 2015, kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Sidai kwamba kuisoma makala kungeuzuia mlipuko. Hospitali zisizo na glovu haziokolewi na PDF. Lakini onyo lililoandikwa kuhusu nchi fulani na kuuzwa kwa nchi hiyohiyo kwa bei ambayo daktari wake haimudu ni jambo gumu kulitetea.

Zipo tiba za muda. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wameendesha mpango wa HINARI, ambao leo uko ndani ya Research4Life, unaozipa taasisi za nchi maskini nafasi ya kusoma majarida bure au kwa bei ndogo. Mpango huo ni wa msaada mkubwa, ila hupitia taasisi. Mwandishi wa habari wa Mtwara au muuguzi wa zahanati ya kijijini hana jina la kuingilia.

Sasa tuigeukie karamu. Ada ya uchapishaji hutofautiana mno. Kuna majarida yanayotoza dola mia chache, mengi makubwa hutoza dola elfu mbili hadi nne, na Nature ilipoanzisha njia yake ya uchapishaji huria mwaka 2021 ilitangaza euro 9,500 kwa makala moja. Wanaozitetea ada hizi hujibu kwamba nchi maskini husamehewa, na ni kweli, lakini msamaha hufuata orodha za Benki ya Dunia. Wachapishaji wengi husamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini, na mara nyingi nusu tu kwa nchi za kipato cha kati cha chini. Julai 2020 Tanzania ilipandishwa kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia, lakini mtafiti wa Morogoro ambaye bajeti yake ya maabara haikuongezeka hata shilingi alijikuta, katika majarida yenye kanuni hiyo, ameondoka kwenye msamaha kamili na kuingia kwenye nusu bei. Mwenzake wa Bujumbura aliendelea kusamehewa. Nusu ya dola 3,000 ni dola 1,500, na kwa wahadhiri wengi wa ukanda huu hizo si fedha ndogo.

Ndiyo maana baadhi ya wafadhili wameanza kuuchoka mfumo wa ada. Wakfu wa Gates ulitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 hautalipa tena ada za uchapishaji, na badala yake utawataka watafiti wake waweke hadharani rasimu za awali, yaani makala kabla hazijahakikiwa. Njia ya michango ndiyo iliyotumika Amerika ya Kusini kwa miaka mingi kupitia SciELO, iliyoanzia Brazil mwishoni mwa miaka ya 1990. Huku kwetu tunayo majarida mengi ya vyuo na vyama ambayo yanafanana na mfano huo kuliko yanavyofanana na biashara kubwa za Ulaya. Lile la sayansi ya bahari linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, husomwa bure. Swahili Forum, la taaluma ya Kiswahili, nalo husomwa bure. Na tovuti ya African Journals Online, iliyoanza 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, imebeba mamia ya majarida ya bara hili. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi: michango ikichelewa, toleo nalo huchelewa.

Ada si hongo, lakini matapeli wapo

Tofauti ya ada na hongo iko kwenye wakati na kwenye mkono wa mwamuzi. Katika jarida la heshima, mhariri huamua bila kuangalia kama mwandishi ana fedha, na ankara hutolewa baada ya makala kukubaliwa. Katika jarida la kitapeli, ankara ndiyo uhakiki wenyewe. Mwaliko huja kwa barua pepe yenye sifa tele, ukiahidi jibu ndani ya siku tatu, na jina la jarida limeigiza jina la jarida maarufu kwa kuongeza neno moja.

Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alilipima tatizo hili kwa mtego. Alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kuvumwani (kiumbe cha kuvu na mwani walioungana) itibuyo saratani, akaipachika makosa ambayo mwanafunzi makini wa kemia angeyaona, kisha akaituma kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali na 98 yakaikataa. Waandishi aliowabuni walipewa majina yaliyoundwa yafanane na ya Kiafrika na vyuo visivyokuwapo. Mmoja wao alidaiwa kuwa wa taasisi ya tiba ya Asmara. Kwamba Afrika ndiyo iliyochaguliwa kuwa kificho cha uongo ni jambo linalostahili mjadala wake lenyewe.

Mtego huo hunukuliwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba uchapishaji huria ni uchafu, na nukuu hizo huacha mambo mawili. Bohannon hakuyajaribu majarida ya kulipia, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Pia PLOS ONE, mojawapo ya majarida huria makubwa kuliko yote, iliikataa makala hiyo kwa sababu za kisayansi. Mwaka uliofuata Springer na IEEE, wachapishaji wenye majina makubwa, waliondoa zaidi ya makala 120 zilizotungwa na programu ya kompyuta bila maana yoyote, zilizokuwa zimepita kwenye machapisho ya mikutano yanayouzwa. Wala upande wa huria haukubaki msafi: mwaka 2023 kampuni ya majarida huria ya Hindawi, iliyokuwa imenunuliwa na mchapishaji Wiley, ilibatilisha zaidi ya makala 8,000, na jina hilo la kibiashara likaachwa. Basi swali la nani analipa halijibu swali la nani anapima. Mtu anayetaka kujua kama jarida huria limepita kwenye chujio la msingi anaweza kulitafuta kwenye orodha ya majarida huria iitwayo DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003, ingawa kukosekana humo hakumaanishi moja kwa moja utapeli. Majarida mengi madogo ya vyuo vyetu hayajaomba kuingizwa.

Uhakiki wa nyuma ya pazia

Watu wengi hudhani uhakiki wa siri ni wa kale kama sayansi. Jarida la Philosophical Transactions la London lilianza mwaka 1665, na katibu wa chama cha wanasayansi cha Royal Society, Henry Oldenburg, ndiye aliyeamua kiingie nini. Nature haikuufanya uhakiki wa nje kuwa sharti hadi mwaka 1973. Mwaka 1936 Albert Einstein aliituma Marekani, kwenye Physical Review, makala aliyoandika na Nathan Rosen iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri alipomrudishia maoni ya mhakiki asiyetajwa jina, Einstein alikasirika, akasema hakumruhusu amwonyeshe mtu mwingine kazi yake, na akaiondoa. Mhakiki ndiye aliyekuwa sahihi. Makala ikatoka kwingine ikiwa na hitimisho lililobadilishwa, na jina la mhakiki huyo, Howard Robertson, lilithibitishwa takribani miaka 70 baadaye. Ripoti ile iliyomwokoa mwanafizikia mashuhuri kuliko wote kwenye aibu ilikaa kwenye faili muda wote huo bila msomaji yeyote kunufaika nayo.

Ubaya wa pazia huonekana zaidi pale uhakiki unaposhindwa. Mei 22, 2020, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kwamba dawa ya haidroksiklorokwini inahusishwa na vifo zaidi kwa wagonjwa wa Uviko-19, kwa data za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasitisha majaribio ya dawa hiyo. Mei 28 watafiti zaidi ya mia moja walitoa barua ya wazi yenye maswali. Mojawapo lilihusu bara letu: kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa Uviko-19 Afrika na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea katika hospitali chache zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kielektroniki za kina. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya faili la karatasi kwenye hospitali ya wilaya angeligundua jambo hilo. Juni 4 makala ikabatilishwa, kwa ombi la waandishi watatu kati ya wanne, ambao walishindwa kupata data ghafi zikaguliwe.

Makala hiyo ilihakikiwa. Ilikuwa katika jarida la kale na la hadhi. Kilichokosekana ni nafasi ya msomaji kuona wahakiki waliuliza nini na wakajibiwa nini: je, kuna aliyeuliza kuhusu Afrika? Ripoti zingekuwa zimechapishwa pamoja na makala, daktari wa Nairobi au mwandishi wa habari wa Dar es Salaam angeona siku ileile kama swali hilo limeulizwa au limerukwa.

Ukurasa wenye alama tatu

Neno “uhakiki wa wazi” lenyewe linabeba mambo mengi. Mwaka 2017 mtafiti Tony Ross-Hellauer alikusanya tafsiri 122 tofauti zake katika maandiko ya kitaaluma. Kwa hiyo tuangalie ukurasa mmoja halisi. Jukwaa la uchapishaji la Wellcome Open Research lilianza mwaka 2016 kwa ajili ya watafiti wanaofadhiliwa na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, na watafiti wa programu ya KEMRI-Wellcome Trust yenye makao Kilifi wamechapisha humo makala nyingi. Utaratibu umegeuzwa: makala huwekwa hadharani kwanza, baada ya ukaguzi wa msingi wa maadili, data na wizi wa maandishi, kisha wahakiki walioalikwa huanza kazi huku msomaji akiangalia.

Ukiifungua, mwishoni mwa kichwa cha makala utakuta mabano yanayotaja ni toleo la ngapi na uhakiki umefikia wapi. Pembeni kuna jedwali dogo lenye matoleo upande mmoja na wahakiki upande mwingine, na katika kila chumba alama moja kati ya tatu: tiki ya kijani kwa aliyekubali, alama ya kuuliza kwa aliyekubali kwa masharti, na msalaba mwekundu kwa aliyekataa. Ukibonyeza, ripoti nzima hufunguka ikiwa na jina la mhakiki, anakofanya kazi na tamko kama ana maslahi yoyote katika suala hilo. Humo atakuwa amejibu kwa ndiyo, kwa kiasi au hapana: je, kazi imeelezwa kwa usahihi? Je, mbinu zimetosheleza kiasi cha mtu mwingine kuzirudia? Je, hitimisho linabebwa na matokeo? Chini yake mwandishi hujibu, na toleo la pili likitoka, la kwanza halifutwi. Makala huingizwa kwenye PubMed, hazina ya makala za tiba, pale tu inapopata tiki mbili, au tiki moja na alama za kuuliza mbili.

Kinachowashtua wengi ni kwamba makala yenye misalaba miwili haiondolewi. Inabaki pale na aibu yake. Mimi naona hiyo ni faida, kwa sababu katika mfumo wa siri makala iliyokataliwa Jumatatu hupelekwa jarida jingine Jumanne, na sababu za kukataliwa haziifuati. Hata hivyo ni lazima msomaji azitazame alama hizo. Anayesambaza kiungo cha toleo la kwanza lisilo na mhakiki hata mmoja, akiandika “utafiti umethibitisha”, hajadanganywa na uchapishaji huria.

Tahadhari hiyo inahusu pia hazina za rasimu za awali, ambazo si majarida. arXiv, ya mwaka 1991, ndiyo mama yao. MedRxiv ya tiba ilianza 2019, miezi michache kabla ya Uviko-19, na yenyewe huonya kwamba yaliyomo hayajahakikiwa na yasitangazwe kwenye habari kana kwamba yamethibitishwa. Onyo limeandikwa juu ya ukurasa. Picha ya skrini inayozunguka WhatsApp kwa kawaida huanzia chini yake.

Hofu kwamba uhakiki wa wazi utaikabidhi sayansi kwa umati nayo haijatimia. Uzoefu umeonyesha kinyume. Katika mifumo mingi, wanaotoa uamuzi bado ni wataalamu walioalikwa. Pale Nature ilipojaribu mwaka 2006 kuwaruhusu watu kutoa maoni hadharani juu ya makala zilizokuwa zinahakikiwa, ni waandishi wa makala 71 tu kati ya 1,369 waliokubali, na 33 kati ya hizo hazikupata hata oni moja. Umati haukuja.

Majina na heshima

Suala gumu zaidi ni la majina, na hapa sikubaliani na wale wanaotaka kila kitu kiwe wazi. Jarida la BMJ lilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1999, likalinganisha wahakiki waliojua kwamba majina yao yatafahamika kwa mwandishi na wale waliofichwa. Ubora wa ripoti haukutofautiana, lakini waliotakiwa kujitaja walikuwa wepesi zaidi kukataa kazi. Miaka ishirini baadaye, uchunguzi wa majarida matano ya Elsevier yaliyokuwa yakichapisha ripoti ulionyesha kwamba kuzichapisha hakukuharibu uhakiki, na kwamba ni asilimia 8.1 tu ya wahakiki waliokubali majina yao yatokee.

Kwetu sababu haihitaji kutafutwa mbali. Mhadhiri msaidizi aombwe kuhakiki kazi ya profesa aliyesimamia shahada yake, au atakayekaa kwenye kamati ya kumpandisha cheo mwakani: je, ataandika kwa jina lake kamili kwamba takwimu hazikukokotolewa sawasawa? Mkubwa hakosolewi hadharani, na ukosoaji wa kistaarabu hupitishwa pembeni. Kanuni inayomlazimisha kijana kujitaja itazalisha ripoti zilizojaa pongezi. Kwa hiyo naona kuchapisha ripoti liwe jambo la kawaida, na jina libaki hiari ya mhakiki. Lakini tusijidanganye kwamba usiri wetu wa sasa ni usiri kweli. Katika taaluma ya Kiswahili, ambamo wanaoandika kuhusu tenzi za Lamu wanafahamiana tangu wakiwa wanafunzi, mhakiki akisoma kurasa mbili huwa ameshamjua mwandishi, na mwandishi akisoma ripoti humtambua mhakiki kwa namna anavyoweka mkato.

Jarida lililokwenda mbali kuliko mengine ni eLife, lililoanzishwa mwaka 2012 na Wellcome, Howard Hughes Medical Institute na Max Planck. Tangu 2023 limeacha kukubali na kukataa makala baada ya uhakiki. Wahariri huchagua zipi zihakikiwe, kisha kila iliyohakikiwa huchapishwa pamoja na ripoti zake na tathmini fupi ya maneno yaliyopangwa kwa ngazi, inayosema matokeo yana umuhimu gani na ushahidi wake una nguvu kiasi gani, hadi ngazi ya chini kabisa ya kusema ushahidi hautoshi. Mwaka 2024 kampuni ya Clarivate, inayotoa kipimo cha athari cha majarida, yaani hesabu ya jinsi makala zake zinavyonukuliwa, iliona kwamba utaratibu huo haulingani na vigezo vyake, na eLife ikakikosa kipimo hicho. Nchini Kenya na Tanzania wahadhiri hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa alama, na makala zilizokubaliwa katika majarida yenye uhakiki ni sehemu ya hesabu hiyo. Mhadhiri wa Dodoma au Eldoret atakayepeleka kazi yake eLife atapata ripoti zilizochapishwa, zenye kueleza kwa undani ubora na udhaifu wa kazi yake kuliko jina la jarida lolote linavyoweza kueleza, ila hatapata neno “imekubaliwa”, na kamati yake itabidi iamue kama itazisoma ripoti hizo au itamrudishia jalada lake.